Namba sita hapimwi kwa mabao

Ndugu Mhariri,

Makocha wetu wa vijana wangemwangalia Claude Makélélé, namba sita (kiungo mkabaji) mzaliwa wa Kinshasa aliyeichezea Ufaransa mechi 71 bila bao hata moja.

Msimu wa 2004/05 Chelsea waliruhusu mabao 15 tu katika mechi 38 za ligi, yeye akiwa namba sita pekee mbele ya mabeki wa kati. Kazi yake haikuwa kukimbia sana. Beki wa pembeni akipanda, anasogea upande ule kuziba pengo. Kabla pasi haijamfikia ameshatazama nyuma ya bega, anapokea mwili ukiwa nusu umegeuka, kisha mguso mmoja au miwili, mpira kwa mwenzake aliye karibu.

Viungo wetu hufuata mpira hadi kwenye kibendera cha kona, katikati panabaki uwanja mtupu. Au hulala chini kukaba mapema: akikosa, straika yuko uso kwa uso na mabeki.

Bao la kwanza la Makélélé Chelsea, Mei 2005 dhidi ya Charlton, lilitokana na penalti. Kipa aliipangua, naye Makélélé akamalizia mpira uliorudi!

Msomaji,
Dar es Salaam