Asilimia za waifai zinatuponza

Mhariri naomba nafasi kidogo, hili la mafundi wa intaneti wa mtaani limezidi sasa. Fundi anakuja nyumbani, laptopu yake ya Windows inasoma waifai asilimia 80, ya mteja ya Linux inasoma 71, hukumu inatoka hapohapo, mashine yako imechoka mzee, nunua busta, kile kifaa cha kuongeza mawimbi. Kumbe zote mbili zimepokea kitu kilekile, -60 dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi!

Iko hivi. Kwenye kipimo hicho, 0 dBm ndo miliwati 1, na kila ukishuka 10 inabaki sehemu moja ya kumi, kwa hiyo -70 ni dhaifu mara 100 kuliko -50. Asilimia sasa hiyo inapikwa tu na draiva (programu inayoendesha kadi ya waifai) na programu nyingine, na kila jiko na mapishi yake. Windows inaita -100 sifuri na -50 mia, draiva nyingi za Linux zinaanzia -110 mpaka -40 na zinatoa maksi juu ya 70, ndo maana kwenye -50 huku unaona mia huku unaona 60 ya 70 yaani kama 86. Na ukilala na ruta kabisa ukapata -30, Windows itakwambia mia ileile. Zamani ndo ilikuwa vurugu zaidi, maana 802.11, yaani kanuni za kiufundi za waifai, iliiacha namba ya RSSI, inayotaja nguvu ya mawimbi yaliyopokewa, bila kipimo maalum, kila mwenye chipu akajiwekea mwisho wake, Atheros 60, Cisco 100, halafu watu wanalinganisha!

Kuna na kelele, yaani mawimbi mengine yanayoingilia, hii mafundi hawaigusi kabisa. -65 kwenye kelele ya -95 unaangalia video bila shida, -65 hiyohiyo kwenye kelele ya -80 itasuasua, na vijiti vyako vimejaa vizuri tu. Hapo busta ya nini?

Kwa hiyo wasomaji, fundi akitaja asilimia muulizeni dBm ngapi. Kwenye Linux amri ya iw inaonyesha, kwenye Android kuna programu za bure za kupimia. Ila tumieni kifaa kimoja sebuleni na chumbani, msichanganye, kadi zenyewe zinapishana kidogo hata mkizipanga meza moja.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam