Mfereji unaopiga shoti si wa kuzoea

Mhariri, asalaam aleikum. Naomba nafasi niseme na wenzangu wa nyumba za zamani hapa Mji Mkongwe. Kuna majumba ukigusa mfereji (koki ya maji) na chini pana majimaji mkono unakufa ganzi, ukiuliza unaambiwa aa ndo nyumba yetu ilivo, vaa kandambili tu. Jamani huo ni umeme, unaua!

Mara nyingi ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ilifungwa kwenye bomba la chuma, akaja fundi bomba akakata kipande akatia plastiki, basi ethi imekatika na hakuna anayejua, umeme unaovuja kwenye hita au pampu unabaki kwenye mabomba ya ndani. Fundi umeme apime volti kwa mita yake baina ya mfereji na chuma kilichopigwa ardhini, halafu azime breka moja moja, volti zikianguka hapo ndo penye kosa. Kama meni swichi imezimwa na mita hiyo bado inasoma volti, umeme unatoka nje au kwa jirani, waiteni watu wa shirika la umeme.

Na wenye nyumba, wekeni ethi mpya na breka ya umeme unaovuja, ile ya miliampia 30 inayojizima yenyewe umeme ukivuja. Kodi mnapokea kila mwezi.

Mpangaji, Malindi, Unguja