Mradi wa picha wa kidhana hauanzi na neno zito

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kidogo katika gazeti lako tuseme jambo kuhusu madarasa ya juu ya upigaji picha wa kidijitali vyuoni, hasa ule muhula ambao mwanafunzi huambiwa abuni mradi wake wa kidhana, yaani mfululizo wa picha unaoongozwa na wazo moja. Kila muhula huo ukifika, orodha ya mada huwa ileile: upweke, utambulisho, kumbukumbu, uhuru. Mkufunzi huidhinisha, mwanafunzi huenda kupiga, na siku ya tathmini ukutani tunaona mtu aliyeinamisha kichwa dirishani, kiganja kwenye kioo chenye ukungu, na kivuli kwenye ngazi. Picha mojamoja huenda ni nzuri. Mradi haupo.

Kosa, kwa maoni yetu, linaanzia kwenye ile idhini. Neno "upweke" halimwambii mwanafunzi asimame wapi, alenge nini, wala aache nini. Kinachomwambia hayo ni kanuni ya kazi, yaani sentensi moja au mbili zinazotaja kitu kitakachopigwa, mahali kamera itakapokaa na sharti ambalo halitavunjwa. Bernd na Hilla Becher, Wajerumani walioanza kupiga majengo ya viwanda pamoja mwaka 1959, walikuwa na kanuni ya namna hiyo: jengo katikati ya fremu, kamera ikilitazama bila kupinda, anga la mawingu ili vivuli vikali visiwepo, kisha picha za majengo ya aina moja zipangwe safu juu ya safu. John Baldessari, msanii Mmarekani, mwaka 1973 alirusha mipira mitatu hewani akitaka ijipange mstari mnyoofu, na majaribio yakawa 36 kwa sababu ndizo fremu zilizokuwamo kwenye mkanda mmoja wa filamu. Hiroshi Sugimoto, mpiga picha Mjapani, aliacha shata (mlango wa kamera unaoingiza mwanga) wazi muda wote sinema ikionyeshwa ukumbini, na skrini ikatoka nyeupe tupu. Hakuna kati yao aliyehitaji karatasi pembeni ya picha imweleze mtazamaji kwamba hapa kuna dhana. Imo katika namna picha ilivyopigwa.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi analeta mada "kusubiri". Asikataliwe, aulizwe: kusubiri kunaonekana wapi? Atataja foleni, nyuso zilizochoka, saa ya ukutani. Hayo ni majibu ya mwanzo, na kila mtu darasani anayo, kwa hiyo aandike ishirini zaidi kabla ya kushika kamera. Kwa kawaida jambo lenye uhai hutokea orodha ikishapita kumi, pale akili inapoishiwa na picha ilizokwisha kuziona kwa wengine. Tuseme anafika kwenye viti: kiti ambacho mtu aliyekuwa anasubiri ameinuka sasa hivi. Sasa kanuni inaandikika. Kiti kimoja kwa fremu, kipigwe ndani ya dakika moja baada ya mtu kuondoka, kamera ikiwa sentimita 120 kutoka sakafuni, ambacho ni takriban kimo cha macho ya mtu aliyeketi, umbali wa mita 2.5, lenzi ya milimita 50, mwanga uliopo mahali hapo, na hakuna kugusa wala kupanga kitu. Kwa kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24, umbali huo unaingiza upana wa mita 1.8, unaotosha kiti na sehemu ya majirani zake. Mwenye sensa ndogo ya APS-C atumie milimita 35, matokeo yatakaribiana.

Kabla ya kuidhinisha, mtakeni fremu 20 za majaribio zilizopigwa kwa siku mbili tu. Zisafishwe kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15 katika karatasi ya bei nafuu, zibandikwe zote ukutani kwa pamoja. Kwenye simu au kompyuta mtu hupitisha picha moja baada ya nyingine na kila moja huonekana inajitosheleza. Zikikaa pamoja ndipo makosa yanapojitokeza, na karibu yote ni ya kiufundi.

La kwanza ni kamera kuachwa ijiamulie kiasi cha mwanga. Kipimo cha mwanga hukisia kwamba kila inachokitazama kina ung'avu wa kijivu cha kati, kwa hiyo kiti cheusi kitang'arishwa na kiti cheupe kitafifishwa, na mwisho viti vyote vinafanana rangi ya jivu. Tofauti ambayo mradi ulitaka kuionyesha imefutwa na mashine. Dawa yake ni kupima kwenye kadi ya kijivu iliyowekwa mahali kiti kilipo, kuweka kila kitu kwa mkono, na kupiga faili ghafi (RAW), ambalo kamera haijalichakata. Ndani ya chumba chenye taa za kawaida, anzia kwenye f/5.6 (upana wa tundu la lenzi), ISO 800 (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) na kasi ya shata ya 1/50 ya sekunde, kamera ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu. Kwa f/5.6 na umbali huo, eneo lililo kwenye fokasi ni kama sentimita 85, kiti kizima kinaingia.

La pili ni mistari ya giza inayokatiza picha. Taa nyingi za umeme hupepesa mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme, hivyo penye umeme wa 50Hz zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/250 hunasa kipande tu cha mpepeso huo. Baki kwenye 1/50 au 1/100. Penye umeme wa 60Hz, 1/60 au 1/120. Shata ya kielektroniki huzidisha tatizo, afadhali ya kimakanika. Wanafunzi wengi hutumia saa nzima kuhangaika na mistari hiyo kwenye programu ya kuhariri, ilhali kugeuza gurudumu moja la kamera kungeimaliza.

La tatu ni rangi. Chumba kikiwa na dirisha na taa pamoja, mizani ya weupe ya kujiendesha (kamera ikijirekebishia rangi ya mwanga yenyewe) hubadilika kutoka fremu hadi fremu, na mfululizo unatoka wa bluu hapa, wa njano kule. Chagueni thamani moja, kwa mfano Kelvin 4500 (kipimo cha rangi ya mwanga), iwe ndiyo ya mradi wote. Kama mchanganyiko wa rangi unasema kitu kuhusu mahali hapo, uacheni. Ila uwe umechaguliwa.

Lenzi ya zumu (inayovuta picha karibu au mbali) nayo huteleza bila mtu kujua. Kipande cha selotepu kwenye pete yake kinatosha.

Fremu 20 zikiwa ukutani, mkufunzi ajizuie kuuliza "ulikuwa unataka kusema nini?" Swali hilo humfanya mwanafunzi aitetee picha kwa maneno, na mwenye ulimi mwepesi hushinda. Wenzake waeleze kwanza wanachokiona, mwenye kazi akiwa kimya kwa dakika kumi. Wakitaja usafi wa sakafu, rangi ya plastiki na mabango ya nyuma, na hakuna hata mmoja aliyetaja mtu aliyeondoka, basi kanuni ina pengo. Hapo ndipo ibadilishwe, na ibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati. Pengine kamera ishuke hadi sentimita 60 ili alama iliyobonyea kwenye mto wa kiti ionekane. Pengine isogee hadi mita 1.5 ili mabango yatoke. Akibadilisha kimo, umbali na lenzi siku moja, hatajua ni kipi kilichosaidia. Fremu nyingine 20, ukutani tena.

Hatua hii katika muhula wa wiki 14 inastahili wiki tano, na tunajua wakuu wa idara wengi huitengea moja. Upigaji wenyewe ukishakuwa na kanuni iliyoiva huenda haraka. Wiki nne zinatosha.

Kuchagua picha kunahitaji mkono mgumu. Kutoka picha 300 mwanafunzi abaki na 40, kisha 12. Picha nzuri kuliko zote mara nyingi ndiyo ya kutolewa, kwa sababu imevunja kanuni na inazifanya nyingine zionekane zimeshindwa. Mpangilio ufanyike mezani kwa karatasi ndogo, kwa mikono, na kila jozi inayokaa jirani ijieleze kwa nini iko jirani.

Kuhusu kusafisha picha za mwisho, hesabu ni rahisi. Faili la pikseli 6000 kwa 4000, kwa pikseli 300 katika kila inchi, linatoa sentimita 51 kwa 34. Likikatwa hadi 4200 kwa 2800 linashuka hadi sentimita 36 kwa 24. Picha zikitoka nyeusi kuliko zilivyoonekana, mara nyingi lawama si ya printa: skrini ilikuwa inawaka mno. Ishusheni hadi takriban kandela 100 kwa mita ya mraba (kipimo cha mng'ao wa skrini), na msafishe kipande chembamba cha majaribio kabla ya kutumia karatasi nzima.

Maelezo ya maandishi yasizidi maneno 150, na yaandikwe mwisho. Neno la kidhahania likiwa limejirudia mara tatu humo, karibu kila mara linaziba kitu ambacho picha hazikukifanya.

Ombi letu kwa wanaoandaa mitaala ni moja. Watahini wa nje wakabidhiwe, pamoja na picha 12, majaribio yote yaliyokuwa ukutani yakiwa na tarehe, na kanuni kama ilivyoandikwa mara ya kwanza na ya mwisho, na majaribio hayo pamoja na kanuni yapewe angalau alama 40 kati ya 100. Kwa utaratibu wa sasa, aliyepiga picha 12 za kubahatisha usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi na aliyeijenga kanuni yake kwa wiki tano hufika mbele ya mtahini wakiwa na bahasha zinazofanana.

Wakufunzi wa upigaji picha