Haramu wanaijua, tangazo hawalijui

Ndugu Mhariri,

Miaka nimenyamaza, lakini ile habari yenu ya semina ya vijana na ulevi imenishinda. Mgeni rasmi kasema pombe ni haramu, watoto wakaitikia, wakagaiwa soda, wakapigwa picha. Haramu! Mtoto wa Jang'ombe hilo analijua tangu chuo cha Kurani. Asichokijua ni vipi tangazo linamchezea akili.

Juzi Ligi ya Mabingwa nilikaa banda la mpira na mjukuu wangu, yuko kidato cha pili. Mapumziko likaja tangazo la bia ya Heineken, ile ya 0.0, isiyo na kilevi. Kijana hapepesi macho. Nikamwambia hiyo bia. Akanijibu, tena kwa kunihurumia: "Babu, hiyo sifuri, haina kitu." Haya, mgeni rasmi atamjibu nini? Nyota ni ile ile, rangi ya kijani ni ile ile, jina ni lile lile. Ya sifuri inalipitisha jina pale ambapo ndugu yake mwenye kilevi angezuiliwa mlangoni. Nikamuuliza: katika wale wanaocheka, nani umemuona kalewa? Nani katapika? Bei imetajwa? Akafikiri, kisha akasema, "Wala hawanywi, wameishika tu." Maswali hayo skuli hajaulizwa hata siku moja. Na mbele yetu kitoto kimevaa jezi ya mtumba ya Liverpool, Carlsberg kifuani, saa tano ya usiku (mama yake wapi, sijui). Klabu yenyewe iliacha kuivaa 2010, naye hajazaliwa.

Wafaransa, watu wa mvinyo, walipiga marufuku matangazo ya pombe kwenye televisheni kwa sheria ya 1991. Sisi picha zinatushukia kwa dishi, tutamkamata nani? Lile onyo la tangazo, "Kunywa kistaarabu", lenyewe linasomwa mbio utadhani msomaji anakimbizwa.

Na kamari jamani! Kijana hana nauli ya kufika Darajani, lakini mkeka wa kubashiri hakosi. Mimi mzee mzima naletewa ujumbe wa kubashiri alfajiri, nimo katika kutia udhu. Nani kawapa namba yangu?

Nashauri mabanda yote yazime sauti wakati wa mapumziko, kila kijana ataje jambo moja ambalo tangazo limelificha. Mshindi apewe bakuli la urojo, bajia zizidi. Gharama zikatwe kwenye posho za semina, maana hizo hazijawahi kukosekana.

Babu wa Jang'ombe,
Unguja