Mahari ya Fustat haikuwa bei ya binti

Mhariri,

Makala mliyochapisha kuhusu mila za ndoa za kale imewaeleza wasomaji kwamba Wayahudi wa zama za kati walimlipa baba ili wampate binti. Kwa Wayahudi wa Fustat, mji uliokuwa pale ilipo Cairo ya Kale leo, mali ilielekea upande mwingine kabisa. Sehemu kubwa ilitoka kwao bibi harusi, na alichotoa mume kilikuwa haki ya mke mwenyewe, tena zaidi ya nusu yake kwa kawaida ilikuwa deni. Karatasi zenyewe zipo. Zilirundikwa katika chumba cha sinagogi ya Ben Ezra, na mwaka 1896 na 1897 msomi Solomon Schechter akazichukua nyingi hadi Cambridge, Uingereza. Ndani yake mna mikataba ya posa na ya ndoa, mingi ikiwa ya karne ya 11 hadi ya 13.

Mwandishi wenu ameichanganya posa na kidushini, na hapo ndipo kosa lake kubwa. Posa ni makubaliano: mahari kiasi gani, harusi lini, wanandoa watakaa wapi na pamoja na nani. Kidushini ni pale bwana anapomkabidhi binti pete au kitu chenye thamani mbele ya mashahidi. Tangu hapo binti ni mke wa mtu, hata akiwa bado kwao, na hatoki ila kwa talaka ya maandishi au kwa kifo cha mume. Wafanyabiashara wa Fustat walisafiri mpaka Aden na India. Bwana akifunga kidushini, akaondoka, kisha habari zake zikapotea, binti hawezi kuolewa tena. Ndiyo maana familia nyingi ziliona afadhali uchumba uwe mkataba wa fedha tu, na kidushini isogezwe karibu na siku ya harusi.

Mkataba wa fedha nao ulikuwa na tundu lake. Mtu akisema “nikivunja posa nitalipa dinari 100”, sheria yao haikumbana kirahisi, kwa hoja kwamba alipotamka hivyo alikuwa na hakika hatavunja, basi hakukusudia kulipa. Maimonides, mwanazuoni wa sheria za Kiyahudi aliyehamia Fustat miaka ya 1160, ameandika jinsi wanazuoni wa Hispania walivyoliziba tundu hilo. Kwanza mtu anajifunga mbele ya mashahidi, kwa desturi yao ya kushika leso kama ishara ya kufunga ahadi, kwamba anadaiwa dinari 100 tangu sasa. Kisha anayemdai naye anajifunga vivyo hivyo: sharti fulani likitimizwa, deni limesamehewa tangu sasa. Posa ikivunjika hakuna faini ya kubishania, lipo deni ambalo msamaha wake haukufika. Anasema ndivyo walivyofanya kwa masharti ya posa. Wakili wa leo angevua kofia.

Kuhusu mahari, wasomaji wa pwani watautambua mpango huu mara moja: sehemu ya kutanguliza na sehemu ya kuakhirisha, hata majina ya Kiarabu ni yaleyale. Watu wa hali ya chini walitanguliza kama dinari 5, na kiasi kinachobaki, mara nyingi maradufu au zaidi, mume alikilipa akitoa talaka, au warithi wake wakakilipa akifa. Dinari moja ilikuwa na dhahabu gramu 4 na ushei, na kwa dinari 2 familia ya kawaida iliweza kuishi mwezi mzima. Deni la dinari 20 au 30 lilimfanya mume afikiri mara mbili kabla ya kutamka talaka.

Kisha inakuja orodha ya vitu vya bibi harusi, na hapa hati zinanoga. Karani ameandika mkataba kwa Kiaramu, lakini akifika kwenye vitu anahamia Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, kwa kuwa hayo ndiyo majina ya sokoni. Hereni, bangili na pini za dhahabu. Kichupa cha wanja na kijiti chake. Magauni ya kitani. Godoro, mito na mapazia. Ndoo na beseni la shaba la kwenda nalo hamamu. Katika nyumba za matajiri, hata mjakazi. Kila kitu kina bei yake. Mwisho anajumlisha, anaongeza sehemu zote mbili za mahari, anaandika jumla kuu.

Jumla hiyo si ya kujifaharisha tu. Baadhi ya familia zilipandisha bei kwa ajili ya macho ya watu, ndiyo maana hati nyingine zinasisitiza kuwa bei zake ni za kweli. Mume aliyekubali tathmini ya uongo alijitia kitanzi, kwani yeye ndiye mdhamini: nguo zikichakaa, bangili zikiibwa, au yeye mwenyewe akiziuza apate mtaji, anadaiwa thamani iliyoandikwa siku ya harusi. Mali iliyoachwa nje ya tathmini, tuseme sehemu ya nyumba, ilibaki ya mke. Mume alikula kodi yake, ila nyumba ikibomoka hasara ni ya mke. Wake wajanja waliandikisha sharti kwamba hata kodi ni yao.

Ulinzi huu ulikuwa na ufa. Mke akidai talaka mwenyewe, mara nyingi alilazimika kusamehe mahari iliyoakhirishwa. Mume asiyetaka kulipa aliweza basi kumtesa mpaka aombe kutoka. Ndiyo sababu masharti mengi yaliandikwa mapema: asioe mke wa pili, asiweke mjakazi ambaye mke hamtaki, asimhamishe mji bila ridhaa yake. Akivunja, anatoa talaka na kulipa mahari yote.

Na mke akifa bila mtoto? Mikataba mingi ya Fustat, kwa kufuata desturi ya Palestina, ilirudisha nusu ya vitu vyake kwa warithi wa upande wa baba yake. Sheria mliyoitaja, kwamba vitu vyote vinarudi kwa baba mke akifa ndani ya mwaka wa kwanza, ni ya kaskazini mwa Ufaransa. Aliiweka Rabenu Tam, mwanazuoni wa huko aliyefariki mwaka 1171, na baadaye jumuiya za Kiyahudi za Speyer, Worms na Mainz, miji ya Ujerumani, zikaongeza kwamba akifa katika mwaka wa pili inarudi nusu. Mwandishi wenu ameieleza kana kwamba ni ya Wayahudi wote, na kuiweka chini ya picha ya hati ya Misri.

Msomaji wenu,
Zanzibar