Sefu, asiifomati mtu hiyo laptopu

Dar es Salaam, Jumanne usiku

Sefu ndugu yangu,

Salaam alaykum. Huku wazima, mama kaamka na nafuu, mvua ilitufungia ndani siku mbili lakini leo kumekauka. Salamu nyingine zitafuata. Kwanza mpigie Idrisa sasa hivi, na kama hapokei simu yako mtume Zuhura, aambiwe asimruhusu fundi yeyote kuifomati, yaani kuifuta yote, ile laptopu uliyomuuzia, ile ThinkPad T480. Hata kama ameshaahidiwa Windows mpya kwa bei ya chai. Asiifomati. Ukishampata, rudi usome yaliyobaki.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na ile picha nimeikuza mpaka maandishi yakasomeka. Kioo cha buluu kinadai ufunguo wa tarakimu 48. Idrisa anasema umemfungia kwa sababu hajamalizia laki mbili na nusu, wewe unaapa hujagusa kitu. Nawaamini wote wawili.

Ulipomuuzia hukuitoa laptopu kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ulimtajia PIN, ukampa chaja, mkapeana mikono. Sasa, Windows 11 ya miaka hii ikipigwa upya na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi inaifunga diski nzima kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, bila kumuuliza mwenyewe, na ufunguo wa akiba inauweka kwenye akaunti hiyo hiyo. Yaani kwako. Muda wote ilikuwa inafunguka kimya kimya kwa sababu chipu ya usalama iliyo ndani, TPM, ilikuwa inakuta kila kitu kama kilivyokuwa jana. Siku ikikuta kimeguswa, inagoma. Na vinavyoigomesha ni kama hivi: BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine, kusasishwa, Secure Boot, ulinzi wake wakati wa kuwaka, kuzimwa, mpangilio wa kuwaka kubadilishwa, diski kuhamishiwa mashine nyingine.

Umeniambia Idrisa alimpelekea fundi wa pale stendi kwa ajili ya betri. Nahisi mambo yalianzia hapo. Amuulize kwa upole kama aliingia BIOS akazima Secure Boot ili awashe kwa flashi yake. Kama ndivyo, Idrisa azime mashine, aiwashe huku akibonyeza F1, aende sehemu ya Security, airudishe Secure Boot ilivyokuwa, ahifadhi na atoke. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha, inaingia bila kudai chochote.

Isipoingia, kazi ni yako. Kwa simu yako fungua aka.ms/myrecoverykey, uingie kwa barua pepe ile uliyokuwa unatumia kwenye laptopu. Utaona orodha ya funguo, pengine zaidi ya mmoja maana na ile mashine ya dukani uliwahi kuiingizia akaunti hiyo. Usikisie. Kwenye kioo cha buluu pana kitambulisho cha ufunguo. Herufi na namba 8 za mwanzo lazima zifanane na za kwenye orodha yako. Katika picha uliyonitumia kidole chake kimefunika hapo hapo, kwa hiyo apige nyingine. Kisha umsomee kwa simu, sita sita, mafungu manane, naye akurudishie kila fungu kabla hamjaenda linalofuata. Usiuweke kwenye grupu letu. Na usiiondoe laptopu kwenye akaunti yako kabla hajaingia, nakuomba sana, maana ukiiondoa kwa hasira unaweza kuupoteza na ufunguo. Usipouona kabisa, jaribu barua pepe zako nyingine, hata ile ya kazini.

Idrisa asiambiwe mjinga kwa kukushuku. Akaunti yako kweli inaweza kuifunga laptopu kwa mbali, kupitia huduma ya kutafuta kifaa kilichopotea. Ila kufuli ile inakurudisha kwenye mlango wa kawaida wa kuingilia, haiji na kioo hiki. Mweleze hivyo hivyo. Anaogopa, Sefu. Tasnifu yake imo mle, sura tatu, na kwa jinsi ninavyomjua hana nakala popote. Akifomati kwa hasira, ufunguo wako hautakuwa na cha kufungua tena.

Nije kwenye betri, maana ndiyo iliyoanzisha maneno. T480 ina betri mbili. Moja ni hii ya nyuma inayochomolewa kwa mkono, nyingine imelala tumboni, huioni mpaka ufungue mfuniko. Mashine inaila kwanza ya nyuma, ikikaribia kuisha inahamia ya ndani. Kama ya ndani imekufa, utaona asilimia bado zinaridhisha, mara inazima pu. Ndiyo hali aliyoieleza Idrisa. Wewe huenda hukuiona kwa sababu kule ofisini ilikuwa kwenye umeme kutwa.

Mkishaingia, afungue Command Prompt aandike powercfg /batteryreport, abonyeze Enter. Faili inajitunza kwenye folda ya mtumiaji, inafunguka kama ukurasa wa intaneti. Juu kuna betri zote mbili: uwezo wa kiwandani na uwezo inaobeba sasa ikijaa. Ya ndani ya T480 kiwandani ni karibu 24,000 mWh, hicho ndicho kipimo cha umeme inaobeba, na ile ya nyuma nyembamba isiyotokeza chini ni hivyo hivyo. Sasa ashuke mpaka kwenye historia ya uwezo. Pale pameandikwa kipindi kwa kipindi betri zote mbili kwa jumla zilikuwa zinabeba kiasi gani, nyuma kabisa hata kabla hujamuuzia. Kama wiki moja kabla ya kupeana mikono jumla hiyo ilikuwa imeshuka mbali chini ya ile ya kiwandani, na juu ya ripoti ya ndani ndiyo iliyochoka, basi yaelekea ulimuuzia ikiwa imechoka, hata kama hukujua. Kama jumla ilikuwa karibu na ya kiwandani na leo bado iko hapo hapo, betri si mgonjwa. Hapo tutazame chaja anayotumia na soketi ya laptopu anayochajia.

Historia hiyo ni ya Windows iliyomo sasa. Ikipigwa nyingine, inafutika. Ndiyo maana nasema asiifomati mtu. Jibu la ugomvi wenu lote limo kwenye hiyo diski, na ni diski hiyo hiyo fundi anayotaka kuisafisha.

Kuna na hili la RAM, kumbukumbu ambayo mashine inafanyia kazi, ambalo umelipita haraka kwenye sauti yako, kana kwamba ni dogo. Ulimwandikia "16 GB", ujumbe bado anao, yeye anaona 8. Hili mimi naliona kubwa kuliko betri. Afungue Task Manager, aende Performance, kisha Memory. Chini pameandikwa nafasi ngapi zimetumika. Ikisema 2 kati ya 2 na jumla ni 8, ulikuwa na vipande viwili vya 4 tangu mwanzo, ukakosea kuandika. Ikisema 1 kati ya 2, ama kipande cha pili kimelegea, ama hakimo. Kulegea kunatokea mashine ikiinuliwa na kutupwa tupwa kwenye begi: unachomoa betri ya nyuma, unaizima ya ndani kupitia BIOS, unafungua mfuniko, unakitoa na kukisukuma tena kwa mshazari mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Kama hakimo, msimrukie yule fundi. Skrubu za mfuniko ule zinalegea tu na kubaki pale pale, kwa hiyo skrubu kuwepo zote hakuthibitishi chochote. Tazameni ukingo: aliyefungua kwa kisu huacha mikwaruzo na kingo zilizovunjika. Nawe utafute kama una picha yoyote ya zamani inayoonyesha 16.

Kuhusu kumpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, ngoja kwanza. Umesema "nimeuza kama ilivyo, sirudishi kitu". Kwa upande wa ubora, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haimbebeshi mtu binafsi anayeuza kitu chake kimoja dhamana ile ile inayombebesha mfanyabiashara wa bidhaa hiyo. Betri kuchoka baada ya miaka ni jambo ambalo mnunuzi angeweza kulipima mwenyewe. Lakini maelezo uliyoyatoa yanakufunga. Ukiandika 16, iwe 16. Kwa hiyo ikithibitika ilikuwa 8 tangu kwako, mnunulie kipande au ukate thamani yake kwenye ile laki mbili na nusu, umwambie wewe kabla hajadai. Betri ya ndani, kama ripoti inaonyesha ilishachoka kabla hujauza, mimi ningechangia nusu. Uliiuza kwa bei ya kishikaji, sawa, lakini naye alilipa laki nne taslimu bila kukuomba hata karatasi, kwa sababu ni wewe.

Kuirudisha laptopu na yeye kurudishiwa pesa, nako msikuondoe mezani. Ila isirudi kabla hajatoa kazi zake.

Na akishatoa kila kitu, nakala mbili, moja nje ya nyumba, ndipo uondoe akaunti yako, atumie Reset ya Windows akifuta vyote, aanze kwa akaunti yake, na ufunguo mpya auandike kwenye daftari. Kwa sasa kivinjari chako bado kimo mle na pengine barua zako zinasomeka. Badilisha nywila leo, ila usifunge akaunti.

Laki mbili na nusu zinaweza kungoja Ijumaa. Zile sura tatu haziwezi. Umempata Idrisa? Fundi alisema aliingia BIOS au hakuingia? Betri ya nyuma aliyonayo ni ile ile uliyompa au amebadilishiwa? Anachaji kwa chaja yako ya wati 65 au kwa ya simu? Na amejaribu ile soketi ya pili ya upande wa kushoto, maana zote mbili zinachaji? Ile barua pepe bado unakumbuka nywila yake? Na Mzee Kombo ameshalisikia hili, au bado tuna muda?

Nijibu hata usiku wa manane. Simu iko kando ya mto.

Wako,
Mbaraka