Malalamiko: daraja lenu la AI limeniaibisha kwa wateja wangu, na kijana wenu akanicheka

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nakala kwa Mkurugenzi

YAH: DARAJA MLILONIFUNGIA DUKANI (PROGRAMU INAYOUNGANISHA AI NA STOKU, DAFTARI LA MADENI NA MESEJI ZA DUKA), NGAMIANI, TANGA

Salaam. Naandika kwa heshima, na naomba barua hii isomwe mpaka mwisho maana ile tiketi yangu mmeifunga mkaandika "limetatuliwa" na hakuna aliyenitatulia kitu. Mkataba mnao, namba yangu ya mteja mnayo, sitawasimulia programu yenu wenyewe.

Nianze na lililoniuma. Nimempigia kijana wenu wa huduma, duka limejaa, ni zile siku za kuelekea Idi na biashara ya kanga mnajua inavyokuwa, nikamuuliza swali moja tu, kwa nini baada ya apdeti daraja linasikiliza kwenye 0.0.0.0 badala ya 127.0.0.1. Akacheka. Akasema "mama, hizo namba zinakuhusu nini, wewe uza kanga zako", nasikia na wenzie nyuma wanacheka, kisha akakata simu.

Swali lilikuwa la haki kabisa. 127.0.0.1 ni kompyuta inaongea na yenyewe, kifaa cha nje hakifiki hapo. Ukiweka 0.0.0.0 daraja linapokea kutoka kila njia ya mtandao iliyopo kwenye ile kompyuta, na kompyuta ya dukani ipo kwenye waifai ileile ninayowapa wateja wangu wakisubiri mzigo ufungwe. Binti yangu alikaa kwenye benchi la wateja na laptopu yake, akatuma ombi la kawaida la MCP, ule utaratibu wa kuunganisha AI na programu na data, la kuorodhesha zana, yaani kazi ambazo AI inaweza kuzifanya kupitia daraja, daraja likamjibu hapohapo na orodha nzima: kusoma stoku, kusoma daftari la madeni, kutuma meseji. Halikumuuliza tokeni, yaani ule ufunguo wa siri wa programu, halikumuuliza nywila, halikumuuliza wewe nani. Sasa kama yeye kaweza, mpita njia aliyepewa nywila ya waifai anashindwa nini?

Na msiniambie teknolojia bado changa. MCP imetolewa na Anthropic Novemba 2024, maelekezo yake yako wazi na yeyote anasoma. Yanasema seva ikiwa kwenye mashine ya mtumiaji ijifunge kwenye 127.0.0.1 tu, ikague Origin ya maombi yanayoingia, yaani yametoka tovuti gani, ili tovuti mbaya iliyofunguliwa kwenye brauza isipenye ikajifanya ni ya humohumo ndani, na anayeunganisha athibitishwe. Mie nimeyasoma usiku nikishafunga duka. Nyie mnaouza hiyo huduma na kulipwa kila mwezi mmeyasoma lini?

La meseji sijalifikia bado. Kabla ya hiyo apdeti ejenti, yaani hiyo AI inayofanya kazi kupitia daraja, hakuweza kutuma chochote bila kuja kidirisha, ruhusu au kataa, na mie ndo nilikuwa nabonyeza. Mkakiondoa bila kuniambia. Nilimwambia ejenti aniandalie orodha ya wanaodaiwa, orodha tu niione, yeye akafungua shiti la zamani akaanza kuwatumia watu meseji za madeni na kiasi kimeandikwa, hata waliokwisha kulipa. AI kukosea tunajua inakosea, ndo maana hata hayo maelekezo ya MCP yanataka pawe na mtu wa kukataa kabla zana haijatumika. Kuna mama wa Pangani yuko eda, deni lake lilishalipwa mumewe akiwa hai, anapokea meseji ya kudaiwa na duka langu, simu yake wakati huo anaishika mkwewe!! Jamani. Deni la mtu huku kwetu ni siri yake na mwenye duka. Nimekwenda mwenyewe kumwomba radhi, amenipokea vizuri, lakini macho ya wale ndugu wa marehemu sitayasahau.

Ndo maana narudi kwenye ile simu, maana niliyowaandikia juu nimeyapunguza. Simu niliiweka spika kwa sababu mikono yote ilikuwa na mzigo. Benchini kuna bibi mmoja wa Pongwe, mteja wangu tangu duka liko kwa marehemu mama, na wafanyabiashara wa Muheza wamekuja kuchukua jumla. Kabla hata sijamaliza swali kijana wenu akaniuliza "hapo hakuna mwanaume yeyote niongee naye?" Hivyo hivyo, spika iko wazi. Nikamwambia mwenye duka ni mie, mwenye mkataba ni mie, nijibu mie. Hapo ndo akacheka na ndo akasema hizo namba zinanihusu nini niuze kanga zangu. Duka zima likanyamaza. Yule bibi akanitazama akasema "mwanangu, hawa ndo uliowapa daftari letu?" Sikuwa na jibu.

Nilipoanza kuandika nilitaka mrudishe pesa za usajili tangu hiyo apdeti ilipoingia, basi. Sasa haitoshi. Nataka pesa zote nilizolipa, nataka mniandikie kwa barua yenye muhuri nini kilibadilishwa na nani aliruhusu kidirisha kiondolewe, na kila mteja wangu aliyepata ile meseji apate maelezo kutoka kwenu kwamba kosa si la duka. Na radhi ya simu siitaki. Nilidhalilishwa mbele za watu dukani kwangu, mtu wenu mwenye cheo aje Ngamiani aseme samahani palepale watu wakisikia.

Nawapa siku 14. Majina, namba za simu na madeni ya watu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, hivyo siku zikipita faili linakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na lingine Tume ya Ushindani, na mwanasheria nimeshaongea naye. Na kama kuna mfanyabiashara mwingine Tanga hii mmemfungia daraja hilohilo, sitasubiri hizo siku 14, namwambia leo azime.

La kwangu nimeshalizima na tokeni zote nimezifuta. Rekodi za kila ombi lililopita kwenye daraja nimezinakili, zipo kwenye flashi mbili, moja anayo mwanasheria. Msitume mtu kuja "kusafisha" kompyuta yangu kabla hamjanijibu kwa maandishi.

Wenu mteja,
mwenye duka la kanga na vitenge, Ngamiani, Tanga